Kijiji Kilichopigana kwa Ajili ya Choo



Watu hukosea katika mambo ya mzaha na kicheko kwa njia mbili. Wa kwanza ni yule achekaye kila anachoonyeshwa, na akisha kucheka hajui alichokicheka. Wa pili ni yule ambaye akisikia tu kwamba jambo fulani ni la mzaha mchafu hulifungia mlango, akaona amekwisha kuihifadhi nyumba yake. Kumbe wanawe wamelitazama kwengine, peke yao, bila ya mtu wa kuwaonyesha zuri ni lipi na baya ni lipi. Siku hizi filamu si jambo la kuliendea katika jumba la sinema. Imo mfukoni, ndani ya simu, ya jana na ya miaka sabini iliyopita zote pamoja. Kwa hivyo mzazi ahitaji kitu zaidi ya kufuli. Ahitaji mizani.

Leo nataka tuitie katika mizani filamu moja ya Kifaransa ya mwaka 1948, jina lake Clochemerle. Si filamu mashuhuri. Hata huko kwao wengi walijua jina wala hawakuiona. Ni mchezo wa kijiji, wa kuchekesha, na mzaha wake mwingi ni wa chumbani na wa chooni. Nimeichagua kwa sababu chini ya mzaha huo mna jambo zito: namna majirani wa miaka mingi, watu wenye akili zao timamu, waweza kufikishana kwenye damu kwa jambo ambalo ndoo moja ya maji ingelimaliza.

KISA CHENYEWE

Filamu imetokana na kitabu cha jina hilo hilo, alichokitunga Gabriel Chevallier na kikapigwa chapa mwaka 1934. Chevallier alizaliwa katika mji wa Lyon mwaka 1895. Alipigana katika vita vya 1914–1918, akajeruhiwa, na mwaka 1930 alitoa kitabu juu ya vita hivyo ambacho alikiita kwa neno moja tu, na maana yake ni «Khofu». Liweke hilo akilini, msomaji, maana tutalirejea. Aliyeitengeneza filamu ni Pierre Chenal, Myahudi aliyezaliwa Brussels mwaka 1904, ambaye Wajerumani walipoikalia Ufaransa alikimbilia Argentina, akarejea vita vilipokwisha.

Clochemerle ni kijiji cha kubuni, lakini nchi kilikowekwa ni ya kweli. Ni Beaujolais, kaskazini ya Lyon, nchi ya vilima na mashamba ya mizabibu, ambayo watu wake huishi kwa kulima zabibu na kutengeneza mvinyo.

Kisa chaanza Oktoba 1922. Meya wa kijiji, Barthélemy Piéchut, mkulima mwerevu, mwenye kusema machache na kupanga mengi, atembea uwanjani jioni pamoja na mwalimu wa skuli, Ernest Tafardel, na hapo amfunulia siri yake. Ataka kijengwe choo cha haja ndogo, cha wanaume, kwa fedha za kijiji. Wala si mahali popote. Ataka kikae karibu na kanisa.

Choo chajengwa. Bwana mmoja aliyewahi kuwa waziri, Bourdillat, mwenye asili ya kijiji hicho hicho, aletwa kukifungua kwa hotuba na shangwe, kana kwamba limefunguliwa daraja la kuunganisha nchi mbili. Katika filamu sehemu hii amepewa Saturnin Fabre, mchekeshaji aliyesifika kwa sauti yake nzito na majivuno ya matamshi, na hapa majivuno hayo yamepata mahali pake. Maneno ni makubwa, na kitu kinachosemewa ni choo.

Sasa tazama majirani wa choo hicho. Upande mmoja akaa Justine Putet, mwanamke ambaye hakuolewa na umri umempita, mshika dini, asiyekosa kanisani, na mwenye ulimi mkali juu ya kila mtu. Hawezi kufungua dirisha lake asione waingiao na watokao. Karibu hapo pana duka la Judith Toumignon, mwanamke mzuri wa sura, ambaye kijiji kizima chajua kuwa hana uaminifu kwa mumewe, isipokuwa mume mwenyewe. Padri wa kijiji, Ponosse, ni mtu mpole, apenda raha yake na bilauri yake ya mvinyo, hataki ugomvi na mtu. Lakini Putet, na pamoja naye bibi mmoja wa ukoo wa kitukufu, Baroness de Courtebiche, wamsukuma mpaka asimame mimbarini akilaani choo.

Asimama siku ya sikukuu ya Mtakatifu Roch, mwezi wa Agosti 1923, kanisa limejaa. Akiwa katikati ya maneno yake, mume wa Judith apaza sauti kumkanusha humo humo ndani. Mtumishi wa kanisa amwendea kumtoa; washikana, wapigana, wengine waingilia, na sanamu ya mtakatifu yenyewe yaangushwa chini.

Kuanzia hapo jambo latoka mikononi mwa wanakijiji. Magazeti ya mji yalidaka, kila gazeti kwa upande wake. Khabari zafika kwa askofu, zafika serikalini, na kila mkubwa ampelekea mdogo wake karatasi, mpaka jawabu linalorudi kijijini si mtu wa kusuluhisha bali ni kikosi cha askari wa jeshi. Vijana wenye bunduki, hawana kazi, wawekwa katika kijiji chenye mvinyo na chenye chuki. Hapana haja ya kueleza yaliyofuata. Siku moja risasi zikalia; na katika kitabu aliyeuawa ni punguani wa kijiji, mtu asiyejua choo kimejengwa na nani wala kwa nini. Kisha mvua ya mawe ikaipiga mizabibu. Putet akapotewa na akili, akachukuliwa kupelekwa hospitali ya wenda wazimu. Na meya? Meya akawa seneta.

KWA NINI CHOO?

Huenda msomaji akauliza: hivi kweli watu huweza kuuana kwa sababu ya choo? Jawabu ni kuwa hawakuuana kwa sababu ya choo. Choo kilikuwa bendera tu.

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa nchi ya makundi mawili. Tarehe 9 Disemba 1905 ilipitishwa sheria ya kutenga dini na dola. Kwa sheria hiyo serikali iliacha kuwalipa mapadri mishahara. Mwaka 1906, maofisa walipokwenda kuorodhesha mali za makanisa, mahali kadhaa watu waliwazuia milangoni, ghasia zikatokea, na askari wakapelekwa. Kwa hivyo askari wa Clochemerle si ndoto ya mtunzi. Wasomaji wa 1934 wenye umri wa makamo walikuwa wameyaona kwa macho yao. Katika vijiji vingi meya na mwalimu wa skuli walikuwa upande mmoja, padri na watu wa nasaba kuu upande wa pili, na kila jambo dogo lilipimwa kwa mizani hiyo: ni ushindi wa nani?

Ama choo chenyewe, kwa hakika kina manufaa. Vyoo vya namna hiyo vilianza kuwekwa katika njia za Paris katika miaka ya 1830 ili watu waache kuchafua kuta, na Wafaransa waliviita kwa jina la Vespasian, mfalme wa Roma aliyetawala miaka 69–79 na ambaye alitoza kodi juu ya mikojo iliyokusanywa kwa kazi za viwanda. Sisi hatuna haja ya kufundishwa na Warumi kwamba usafi ni jambo la heshima. Vitabu vyetu vya fiqhi hufungua kwa mlango wa tahara, na mtoto wa chuoni hujua adabu za kwenda haja kabla hajajua mengi mengine. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kujisaidia katika njia za watu na katika vivuli wanavyopumzikia, akakihesabu kitendo hicho kuwa chenye kuleta laana. Basi mwenye kuwajengea watu choo mahali penye haja amefanya kheri, wala hapana la kuchekwa hapo.

Lakini meya Piéchut hakutazama penye haja. Alitazama penye kuumiza. Alikitaka pale pale ambapo kitawachoma nyoyo waendao kanisani, ili wakasirike, na wakikasirika wakosee, na wakikosea yeye aonekane mtu wa maendeleo na wao watu wa zamani. Hapa ndipo kisa hiki cha Wafaransa kinapomgusa Mwislamu kwa karibu kuliko alivyodhani. Sisi tumekwisha kufundishwa kwamba hata msikiti waweza kujengwa kwa nia mbovu. Surat At-Tawba imetaja msikiti uliojengwa kwa kudhuru na kuwafarikisha waumini, na Mtume akakatazwa kusimama humo. Kuta zake zilikuwa kama kuta za msikiti mwengine wowote. Kilichoharibika ni nia. Ikiwa msikiti, nyumba ya sala, waweza kuharibiwa na nia ya mjenzi, basi choo chaweza kuwa nini kikijengwa kwa fitina?

Kwa hivyo, msomaji, unapoitazama filamu hii usiangalie choo. Mwangalie yule aliyekipanga.

UFUSKA WA FILAMU HII

Sasa tuje kwenye lawama, maana mhakiki asiyetaja aibu ya kitu ni mchuuzi wa kitu hicho.

Mtu wa leo aliyezoea kuona kila kitu huenda akasema filamu ya 1948 ina ubaya gani, haina uchi wa filamu za siku hizi. Ni kweli kwamba katika mizani hiyo ni nyepesi. Lakini ubaya wa mzaha haupimwi kwa wingi wa ngozi inayoonekana. Wapimwa kwa kile ambacho moyo wafundishwa kukipenda na kukidharau. Na hapa filamu, kama kitabu kilichoizaa, imepiga hesabu mbovu. Mke asiyekuwa mwaminifu ndiye mzuri, mchangamfu, mwenye afya, apendwaye na watu. Mume aliyekhiniwa ni mpumbavu wa kuchekwa. Mwanamke aliyejihifadhi ni mbaya wa sura, mwenye kijicho, mpelelezi wa madirishani. Yaani zinaa imevishwa uzuri na furaha, na kujihifadhi kumevishwa ubaya na uchungu.

Hesabu hii ndiyo tusi kubwa la filamu, nayo yapita mbele ya macho ya watoto bila ya kipande kimoja cha nguo kuvuliwa. Kijana akiiona mara kumi, katika michezo kumi, ya Kifaransa, ya Kihindi au ya Kimarekani, basi huanza kuamini kwamba mcha Mungu lazima awe na uso uliokunjana, na kwamba mwenye haya ni yule tu aliyekosa bahati. Wangapi katika sisi tumekwisha kulisikia neno hilo likisemwa kwa mzaha juu ya binti aliyejistiri?

Tena sinema ina hatari ambayo kitabu hakina. Kitabu kikisema mwanamke fulani alikuwa mzuri, neno hilo lapita na msomaji aendelea na kisa. Sinema haiwezi kusema hivyo. Yalazimika kumleta mwanamke mwenyewe, kumweka mbele ya taa, na kumkalisha mtazamaji amtazame. Lililokuwa khabari katika kitabu likawa tamasha katika filamu. Kwa hiyo mtengenezaji wa sinema achukuaye kitabu chenye mzaha wa namna hii amebeba dhima zaidi ya mtungaji, hata asipoongeza neno.

Wala mtu asituambie kwamba twachukia kicheko. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, ila alikuwa hasemi katika mzaha wake ila kweli. Mzaha wa kweli wawezekana, na katika kisa hiki umo: waziri akihutubia choo, serikali nzima ikihamisha karatasi kutoka meza hadi meza bila ya mtu mmoja kwenda kijijini kutazama. Huo ni mzaha safi, wachekesha na wafundisha. Pole ni kwamba umechanganywa na ule mwengine, kama mchele mzuri uliomwagikia mchangani.

NDOO MOJA YA MAJI

Hebu sasa turejee siku ile ya kanisani, tuiweke ubavuni mwa siku nyengine, katika msikiti wa Madina.

Imesimuliwa katika Hadithi sahihi kwamba bedui mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume akasimama kando akakojoa. Si karibu na msikiti: ndani yake. Si kwa kificho: mbele ya watu. Masahaba wakaruka kumwendea, na nani angeliwalaumu? Mtume (S.A.W.) akawazuia, akaamrisha wamwache amalize, kisha iletwe ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Akawakumbusha wenziwe kuwa wametumwa wawe wenye kusahilisha wala si wenye kutia uzito. Naye bedui akaelezwa kwa upole kwamba nyumba hizi hazifai kwa mambo hayo, kwani ni za kumtaja Mwenyezi Mungu na kusali. Jambo likaishia hapo. Hapakuwa na kupigana, hapakuwa na makundi.

Pima mambo haya mawili. Katika msikiti wa Madina najisi ilikuwa ndani, na heshima ya mahali ilikuwa kubwa kuliko mahali pengi duniani. Jambo likamalizika kwa ndoo ya maji na neno jema. Katika Clochemerle najisi ilikuwa nje, katika jengo lililotengenezwa kwa ajili yake. Jambo likaishia kwa sanamu iliyovunjika, askari na maiti. Tafauti haikuwa katika ukubwa wa kosa. Tafauti ilikuwa katika yule aliyesimama mbele ya watu: alitaka kutuliza au alitaka kushinda?

Hapa yatupasa tumtazame padri Ponosse kwa macho ya insafu. Filamu yamcheka kwa unene wake na bilauri yake, na Félix Oudart aliyecheza nafasi hiyo alikuwa na umbo la kuchekesha kabla hajafungua mdomo. Lakini mimi naona kosa la Ponosse si upole wake. Upole wake ndio ulikuwa akiba ya pekee iliyobaki kijijini. Kosa lake ni kwamba aliuachia upole huo siku ulipohitajika zaidi, akapanda mimbarini na ghadhabu ya watu wengine. Mtu akisema maneno makali yasiyotoka moyoni mwake, aliyotiwa kinywani na waliomzunguka, hajui yatafika wapi. Kila mwenye kupanda mimbari, awe wa dini yoyote, na kila mwenye kushika kipaza sauti, na hata mwenye kuandika katika kurasa kama hizi, na aipime nafsi yake hapo: maneno haya ni yangu, au ni ya wale walionisukuma?

NANI ALIYELIPA?

Swali hili ndilo la mwisho katika kila fitina, na ndilo ambalo filamu hii yalijua jawabu lake lakini yaona haya kulitamka kwa sauti.

Tufanye hesabu. Meya aliyewasha moto alipata useneta. Waziri wa zamani alipata makofi. Magazeti yalipata wasomaji. Waliolipa ni punguani, aliyelipa kwa roho yake. Wakulima, waliolipa kwa mwaka uliopotea katika chuki. Na Justine Putet, aliyelipa kwa akili yake.

Juu ya Putet nataka kusema neno. Alikuwa na ulimi mbaya, na kisa hakikumsingizia. Kusengenya na kupeleleza aibu za watu ni jambo ambalo Qur'ani imelikemea mno katika Surat Al-Hujurat, wala saumu nyingi hazimpi mtu ruhusa ya kula nyama ya ndugu yake. Lakini, msomaji, ondoa kicheko kidogo utazame kilichobaki. Ni mwanamke peke yake, hana mume, hana mtoto, hana wa kumsemea, ambaye watu wenye nguvu wamejenga choo cha wanaume mbele ya dirisha lake. Akalalamika, na malalamiko yake yakawa mzaha wa kijiji. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza: bibi, tukusogezee ukuta? Tukuwekee pazia la mbao? Seremala mmoja kwa siku moja angeliyamaliza. Mwisho alipopotewa na akili, hata wazimu wake ukafanywa kichekesho. Mimi sioni la kucheka hapo.

Na hii ndiyo lawama yangu kubwa kwa filamu, kubwa kuliko ile ya ufuska, au niseme kwamba hizo mbili ni moja. Mzaha wa chumbani ulimfanyia kazi meya. Sisi tukiwa tumeshughulishwa na Judith yuko na nani, na Putet achungulia nini, yeye Piéchut, ambaye Jean Brochard ndiye aliyemcheza, apita nyuma yetu taratibu kwenda zake mjini kukaa katika kiti cha useneta. Ufuska si uchafu tu, ni pazia. Watu wakipewa aibu za wanawake wawili wa kuzizungumza, hawaulizi tena nani aliyepanga jambo na kwa faida ya nani.

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme kwamba aliyekitunga kisa hakuwa mtu wa mchezo. Kumbuka kwamba Chevallier aliwahi kuandika «Khofu». Alijua bunduki ni kitu gani, na alijua kwamba kijana aliyevishwa sare akapelekwa mahali pasipo sababu atamwua mtu pasipo sababu. Alipomwua punguani katikati ya kitabu cha kuchekesha, hakuwa amesahau kwamba anachekesha. Ametaka kicheko kitukwame kooni. Na Wafaransa waliokwenda kuitazama filamu mwaka 1948 walikuwa wametoka katika miaka minne ya kukaliwa na Wajerumani, 1940 hadi 1944, wakati ambao jirani aliweza kumwangamiza jirani kwa barua isiyo jina. Walijua madirisha yenye kuchungulia hufika wapi. Huenda ndiyo sababu walihitaji kucheka.

Jina la kijiji hicho likaingia katika lugha yao. Hata leo Mfaransa akisikia baraza la mji lagombana kwa jambo la upuuzi, husema hiyo ni Clochemerle.

BASI TUITAZAME AU TUSIITAZAME?

Msomaji atataka hukumu, na ni haki yake.

Kwa watoto na vijana wadogo, hapana. Si kwa kuwa wataona uchi, bali kwa ile hesabu mbovu niliyoitaja, ambayo mtoto hana nguvu za kuikataa kwa kuwa haoni kama anafundishwa. Kwa jamaa waliokaa pamoja baada ya chakula, wazee na vijana, mabinti na mama zao, pia hapana. Mzaha wake utawafanya watazamane pembeni, na haya ikisha kutoboka haishoneki kwa urahisi. Wala asihadaike mtu na ule mchezo wa televisheni wa sehemu tisa ambao BBC ya Uingereza iliutengeneza mwaka 1972 kutokana na kitabu hicho hicho, ukisimuliwa kwa sauti ya Peter Ustinov. Kisa ni kile kile, na hesabu ni ile ile.

Lakini kwa mtu mzima aliyepewa dhamana juu ya watu, huyo namwambia kisa hiki akijue, kama si kwa kutazama basi kwa kusoma haya. Aliye katika baraza la mji, katika kamati ya skuli, katika kamati ya msikiti, asome. Na kila likija jambo mezani, liwe ni kisima, au ukuta, au kipaza sauti, au upande wa kuwekwa choo, ajiulize maswali matatu. Je, twalitaka jambo hili kwa haja ya watu au kwa kuwaudhi watu? Nani atakaa karibu nalo kila siku, na je, tumemwuliza? Na likiharibika, nani atalipa: sisi tulioamua, au mnyonge asiyekuwako mkutanoni?

Hapana haja ya kutaja majina wala miji. Kila mmoja wetu amjua Piéchut wake, na amjua Putet wake, na pengine punguani wa mtaa wake apita hivi sasa mbele ya mlango akiimba, hana khabari ya kamati.

Fitina haiji imevaa jina la fitina. Huja imevaa jina la maendeleo, au jina la dini, au jina la usafi. Aliyejaaliwa busara huiona ingali ndogo, akaita ndoo ya maji. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika hao. Amin.